Hesabu za Sokoni: Chapati, Kopo na Gunia la Viazi

Yeyote aingiaye sokoni Tukuyu wakati wa asubuhi huona hesabu nyingi zikifanywa bila kalamu wala karatasi. Wilaya ya Rungwe ina mvua nyingi na udongo wa volkano wenye rutuba, na kwa hiyo meza za soko hazikosi ndizi, maparachichi, maharage na viazi mviringo vinavyoteremshwa kutoka sehemu za juu zenye baridi kama Isongole. Mengi ya mazao hayo hayauzwi kwa mizani. Ndizi huuzwa kwa mkungu, maparachichi kwa fungu, maharage kwa kopo, na viazi kwa ndoo, debe au gunia. Muuzaji hutazama, mnunuzi hutazama, kisha bei hukatwa.

Vipimo vya namna hii hutegemea macho, na macho ya binadamu yana tabia moja ambayo yafaa ijulikane. Hupima urefu vizuri, hupima eneo vibaya, na hupima ujazo vibaya zaidi. Kosa hilo si la mtu asiye na elimu peke yake. Hata aliyesoma sana hudanganywa na macho yake iwapo hatayasaidia kwa hesabu kidogo. Hesabu inayohitajika haizidi ile ya shule ya msingi, na chombo kinachohitajika ni kipande cha kamba au utepe wa fundi cherehani.

Chapati mbili mezani

Hebu tuanze na jambo dogo. Tuseme mama mmoja auzaye chai na chapati ana chapati za aina mbili. Ile ndogo ina kipenyo cha sentimita 16, yaani ndio upana wake ukipimwa kupitia katikati, na bei yake ni shilingi 300. Ile kubwa ina kipenyo cha sentimita 24, na bei yake ni shilingi 600. Mteja atazamapo huona kwamba chapati kubwa imeizidi ndogo kwa nusu tu, ilhali bei yake ni maradufu. Huenda akanung'unika na kuagiza chapati mbili ndogo, akidhani ameokoa fedha yake.

Mteja huyo amelinganisha vipenyo, lakini haili kipenyo. Hula eneo lote la chapati. Eneo la duara hukua kwa kadiri ya kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Kwa hiyo chapati ndogo ihesabiwe 16 mara 16, ambayo ni 256, na kubwa 24 mara 24, ambayo ni 576. Chapati mbili ndogo ni 512. Kwa shilingi zile zile 600, chapati moja kubwa inazizidi mbili ndogo kwa sehemu moja ya nane, iwapo unene wao ni sawa.

Wale waliosoma shule watakumbuka kwamba eneo la duara hupatikana kwa kuzidisha nusu kipenyo kwa chenyewe, kisha kwa pai, ambayo ni karibu 22 kwa 7. Lakini katika kulinganisha maduara mawili, pai haina kazi, kwa kuwa imo pande zote mbili na hufutika. Ndiyo sababu hesabu yenyewe ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Pima vipenyo, zidisha kila kimoja kwa chenyewe, kisha linganisha na bei.

Kanuni hiyo hiyo hutumika katika miji ambako siku hizi piza, ule mkate bapa wa Kiitalia, huuzwa kwa kutajwa upana wake kwa inchi. Piza moja ya inchi 12 ina eneo kubwa kuliko piza mbili za inchi 8, kwa maana 144 ni zaidi ya 128. Uwiano ni ule ule wa chapati zetu, na mshangao wa mnunuzi ni ule ule.

Hata hivyo yafaa tahadhari moja. Tumesema iwapo unene ni sawa. Mpishi akichukua donge lile lile la unga alilokuwa akisukuma kwa kipenyo cha sentimita 16, akalisukuma mpaka lifike sentimita 24, unga hauongezeki hata chembe. Unene hushuka na kuwa sehemu nne za tisa za ule wa awali, yaani chini ya nusu. Chapati itafunika sahani yote, lakini tumbo litapata kile kile. Kwa hiyo mwenye busara hutazama pia donge.

Kwa nini kuzidisha mara mbili?

Mwalimu au mzazi aweza kuwaonyesha watoto jambo hili bila kifaa cha gharama. Chukua vifuniko viwili vya mviringo, kimoja chenye kipenyo cha sentimita 10 na kingine cha sentimita 20. Panga punje za maharage juu ya kila kifuniko, zigusane, bila kupandana, mpaka kifuniko kijae. Kisha zihesabu. Watoto wengi watatabiri kwamba kifuniko kikubwa kitachukua punje maradufu. Watakapohesabu wataona zimekaribia mara nne.

Sababu yake ni kwamba kifuniko kikubwa kimekua kwa njia mbili pamoja. Kimeongezeka maradufu kutoka kushoto hadi kulia, na kimeongezeka maradufu kutoka juu hadi chini. Mbili mara mbili ni nne. Jicho huona ongezeko moja na kulisahau la pili.

Ujuzi huu ni wa kale sana hapa Afrika. Yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, mwandishi mmoja wa Misri aitwaye Ahmose alinakili kitabu cha hesabu juu ya mafunjo. Humo eneo la shamba la mviringo linapatikana kwa kuondoa sehemu moja ya tisa ya kipenyo, kisha kuzidisha kinachobaki kwa chenyewe. Ukiijaribu njia hiyo leo, jibu linapishana na lile la kweli kwa chini ya sehemu moja katika mia. Waandishi wa Misri hawakuzifanya hesabu hizo kwa mchezo, kwani kitabu hicho kimejaa maswali juu ya maghala ya nafaka, mikate na posho za wafanyakazi.

Kopo, ndoo na kilele

Tutoke sasa katika eneo twende katika ujazo, kwa maana maharage na viazi hupimwa kwa chombo. Chukua makopo mawili ya mviringo. La kwanza ni jembamba na refu, kipenyo chake sentimita 10 na kimo sentimita 20. La pili ni pana na fupi, kipenyo sentimita 14 na kimo sentimita 12. Wengi watalichagua lile refu. Lakini 10 mara 10 mara 20 ni 2,000, na 14 mara 14 mara 12 ni 2,352. Lile fupi linachukua zaidi, kwa kuwa upana huhesabiwa mara mbili na kimo mara moja tu. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza akili za watoto, alionyesha kwamba watoto wadogo huamini kuwa maji yameongezeka yakimiminwa katika gilasi ndefu nyembamba. Sokoni, watu wazima nao hawako mbali na watoto hao.

Kisha kuna kilele, yaani ile nyongeza inayorundikwa juu ya mdomo wa chombo. Kilele kilichochongoka kina umbo la pia, na ujazo wa pia ni theluthi moja ya mcheduara wenye kitako na kimo sawa nayo. Hapo hupatikana kanuni rahisi: gawa kimo cha kilele kwa tatu, kisha ujumlishe na kimo cha chombo. Ndoo iliyonyooka yenye kimo cha sentimita 30 na kilele cha sentimita 9 ni sawa na ndoo ya sentimita 33. Nyongeza ni sehemu moja ya kumi. Lakini beseni pana lenye kimo cha sentimita 12, likiwekewa kilele cha sentimita 12, limepata nyongeza ya sentimita 4, yaani theluthi nzima. Kwa hiyo kilele juu ya chombo kipana na kifupi si jambo dogo hata kidogo. Anayeuza kwa beseni hana budi kuhesabu kilele katika bei, na anayenunua hana budi kuhakikisha kwamba kilele alichoahidiwa kimefika katika kikapu chake.

Hata chombo kisicho na kilele hakisemi kweli yote. Baina ya kiazi na kiazi kuna nafasi tupu. Viazi vikitikiswa hukaa vizuri na nafasi hupungua. Vikichanganywa vidogo na vikubwa, vidogo huingia katika mianya ya vikubwa. Debe moja laweza basi kuwa na uzito tofauti kwa mikono tofauti. Debe lenyewe asili yake ni bati la mafuta ya taa la galoni 4 za Kiingereza, yapata lita 18. Halikukusudiwa kuwa kipimo cha viazi, bali lilikuwa chombo kilichobaki baada ya mafuta kwisha.

Gunia na kichwa chake

Yote yaliyotangulia yanakutana katika gunia, na hapo ndipo hesabu inapogusa maisha ya mkulima. Katika biashara ya viazi nchini Tanzania kumekuwapo kwa miaka mingi ufungashaji uitwao lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha badala ya kushonwa huwekewa kichwa. Viazi huzidi kurundikwa juu yake na kuzuiwa kwa kamba, wavu au kipande cha gunia jingine. Bei hutajwa kwa gunia.

Tulipime gunia hilo kwa kanuni zetu. Tuchukue gunia ambalo likilazwa tupu lina upana wa sentimita 70. Mzingo wake ni sentimita 140, na likijazwa huwa na kipenyo cha karibu sentimita 44.6. Likishonwa likiwa na kimo cha sentimita 100, ujazo wake ni yapata lita 156. Lita moja ya viazi vilivyorundikwa, pamoja na mianya yake, ina uzito wa karibu gramu 650. Basi gunia hilo lina karibu kilo 100.

Sasa liongezwe kichwa chenye kimo cha sentimita 45. Kichwa cha lumbesa hakichongoki kama pia, bali huvimba kama kuba. Ujazo wa kuba la namna hiyo ni theluthi mbili za mcheduara wenye kitako na kimo sawa nalo. Kanuni hii hutokana na kazi ya Archimedes wa Sirakusa, aliyefariki mwaka 212 kabla ya Kristo, ambaye aliithamini mno hata akataka umbo la tufe ndani ya mcheduara liwekwe juu ya kaburi lake. Theluthi mbili za sentimita 45 ni sentimita 30. Kichwa hicho kimeongeza kilo 30.

Nyongeza ya pili ni ya siri zaidi. Gunia likishindiliwa hutanuka tumbo. Tuseme mzingo wake umetoka sentimita 140 ukawa 147. Sentimita 7 za kamba hazionekani kwa macho, nazo ni nyongeza ya tano katika mia tu. Lakini upana huhesabiwa mara mbili. Zidisha 1.05 kwa 1.05 upate karibu 1.10. Tumbo limeongeza sehemu moja ya kumi ya mzigo wote. Kichwa na tumbo pamoja vimelifanya gunia la kilo 100 kuwa la kilo 143.

Tuseme basi mkulima amevuna kilo 2,000 za viazi, na wamekubaliana na mnunuzi bei ya shilingi 70,000 kwa gunia. Kwa magunia ya kilo 100 atauza magunia 20 na kupata shilingi 1,400,000. Kwa lumbesa ya kilo 143 mavuno yale yale yatajaza magunia 14 tu, naye atapata shilingi 980,000. Tofauti ni shilingi 420,000. Fedha hiyo ingaliweza kuwa mbegu na mbolea ya msimu ujao, nayo imepotea katika kuba la sentimita 45 na sentimita 7 za kamba.

Haki yataka upande wa pili nao usikilizwe. Mnunuzi atasema kwamba husafirisha kwa gunia na hutozwa ushuru kwa gunia, hivyo gunia kubwa humpunguzia gharama. Hilo ni kweli, na ndilo linalofanya lumbesa iwe ngumu kung'olewa. Mahali popote malipo yanapofanywa kwa idadi ya magunia, mtu atavutwa kulikuza gunia. Tena huenda bei ya lumbesa ikapandishwa kufidia ukubwa wake. Gunia la kilo 143 likinunuliwa kwa shilingi 100,100, mkulima hajapunjwa, kwa maana bado amelipwa shilingi 700 kwa kilo. Hatari imo katika kukubaliana bei kabla ya kujua kilo. Swali la kuuliza si gunia ni shilingi ngapi. Swali ni kilo ni shilingi ngapi.

Kuna pia mgongo wa mpakiaji. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mzigo unaobebwa na mwanamume mzima katika kazi za kawaida usizidi kilo 55. Lumbesa yetu imeupita mzigo huo zaidi ya mara mbili na nusu.

Sheria ya Vipimo ya Tanzania, ambayo ni Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, inataka mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100. Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kuhakiki mizani na kuitia alama. Lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila shamba, na hivyo ujuzi wa mkulima mwenyewe una nafasi yake.

Mizani na maji

Palipo na mizani ya kuning'iniza, mkulima aweza kuichunguza kwa kitu alicho nacho nyumbani, yaani maji. Wafaransa walipotunga vipimo vya metriki mwaka 1795, walifungamanisha uzito na maji, na mpaka leo lita moja ya maji ina uzito wa karibu kilo moja kamili. Pima ndoo tupu kwanza. Kisha itie lita 20 za maji zilizopimwa kwa chupa yenye ujazo unaojulikana, uipime tena. Tofauti ya mara hizo mbili yapasa iwe kilo 20. Kama mizani inasoma 17, basi kila kilo 100 za viazi zitasomwa 85. Jaribio hili halichukui nafasi ya uhakiki wa wakala, ila laweza kumwonya mtu kabla mzigo haujapakiwa.

Parachichi na ndizi

Matunda yana hesabu yake, nayo inapita ile ya chapati. Duara hukua kwa njia mbili, lakini tunda hukua kwa njia tatu, yaani upana, kina na urefu. Parachichi lenye kipenyo cha sentimita 9 si mara moja na nusu ya lile la sentimita 6. Zidisha 1.5 mara tatu kwa chenyewe upate karibu 3.4. Iwapo umbo ni moja na kokwa imekua kwa kadiri ile ile, tunda moja kubwa lazidi matatu madogo. Vivyo hivyo ndizi iliyozidi nyingine kwa tano moja ya urefu na tano moja ya unene ina uzito wa mara 1.7. Hakuna haja ya kulikata tunda ili kupata kipenyo. Zungusha kamba kiunoni mwa kila tunda na ulinganishe urefu wa kamba, kwa maana mzingo na kipenyo hukua pamoja.

Mambo ya kukumbuka

Kwa muhtasari, mwenye kuuza na mwenye kununua washike kanuni tano:

1. Vitu bapa vya mviringo hulinganishwa kwa kuzidisha kipenyo kwa chenyewe, unene ukiwa sawa.

2. Vyombo vya mviringo hulinganishwa kwa kipenyo mara kipenyo mara kimo.

3. Kilele kilichochongoka huhesabiwa theluthi moja ya kimo chake, na kichwa kilichovimba theluthi mbili.

4. Matunda yenye umbo moja hulinganishwa kwa kuzidisha kipenyo kwa chenyewe mara tatu.

5. Mahali penye mizani iliyohakikiwa, kanuni zote zilizotangulia hukaa pembeni, na bei itajwe kwa kilo.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanafunzi wa darasa la saba katika kijiji chochote cha Rungwe anazijua tayari hesabu zote zilizotumika hapa. Wakati wa mavuno akipewa utepe wa fundi, kalamu na ukurasa mmoja wa daftari, aweza kuzunguka magunia ya baba yake kabla gari halijafika, akaandika mzingo wa kila moja na kimo cha kichwa chake. Mnunuzi atakapotaja bei, mzazi atakuwa na cha kumjibu.